Kaboni ya nyota maskini

Sextans A ni galaksi kibete iliyo umbali wa zaidi ya miaka ya nuru milioni 4, na ni maskini wa metali. Wanaastronomia huita metali kila elementi nzito kuliko haidrojeni na heli, hata kaboni na oksijeni. Kiasi chake huko hakifiki sehemu moja ya kumi ya kile cha Jua. Ni rahisi kudhani kwamba nyota zilizozeeka mahali kama hapo, zilizovimba na kupoa hadi nyuzi 3,000 hivi usoni, haziwezi kutoa vumbi la maana, kwa kuwa vumbi hutokana na metali. Dhana hiyo inapuuza kile ambacho nyota hujitengenezea. Nyota yenye uzito mara 2 au 3 ya Jua, ikikaribia mwisho wake, huunguza heli na kupata kaboni, kisha misukosuko ya gesi huipandisha kaboni hiyo juu. Huko kaboni na oksijeni hushikana kuwa kaboni monoksidi, na kinachobaki ndicho huamua aina ya vumbi. Hapa umaskini huwa faida: nyota iliyozaliwa na oksijeni haba huhitaji kaboni kidogo tu ili kaboni izidi, na ile ya ziada huganda kuwa chembe kama masizi ya chemli. Mwanga wa nyota huzisukuma nje, nazo huikokota gesi.

Ushahidi upo. Mradi wa DUSTiNGS, kwa darubini ya anga ya Spitzer, ulipima miale ya infraredi ya galaksi kibete 50 za jirani, ukakuta dalili za nyota zenye vumbi hata penye metali chini ya asilimia 1 ya zile za Jua. Je, nukta hizo nyekundu si galaksi za mbali zilizo nyuma? Swali ni la haki, ndiyo maana picha zilipigwa mara mbili, kwa kupishana miezi sita hivi: nyota hizi hupwita kwa mamia ya siku, na galaksi za mbali kwa kawaida hazibadiliki hivyo. Pingamizi zito zaidi ni silikoni. Nyota hizi haziitengenezi, kwa hiyo vumbi lenye asili ya mawe lazima lipungue penye umaskini. Hilo nalikubali. Nakubali pia kwamba nyota hizi huchukua mamia ya mamilioni ya miaka kuzeeka, hivyo vumbi la mwanzo kabisa la ulimwengu linaelekea kutoka kwenye supanova. Lakini galaksi ikishatimiza miaka bilioni 1, kuhesabu vumbi lake bila nyota za kaboni ni kuacha fungu kubwa nje ya hesabu.