Pedeli inacheza? Usikimbilie kununua seti mpya

MFANYABIASHARA anayepeleka maziwa, mkaa au ndizi sokoni kwa baiskeli anaijua dalili hii: akikanyaga kupanda kilima, mkono mmoja wa pedeli unacheza na kugonga kila unapozunguka. Wengi hukimbilia duka la vipuri na kununua seti nzima, yaani mikono miwili na sproketi ya mbele. Fundi anapoijaribu, haiingii kwenye ekseli. Fedha ya mauzo imekwenda, na mzigo umelala nyumbani.

Baiskeli nyingi za mizigo Afrika Mashariki, ziwe Phoenix za China, Hero na Avon za India au Raleigh za zamani za Uingereza, zina ekseli ya duara ambayo mikono yake hushikwa na kotapini, ile pini yenye ubapa upande mmoja. Pini hiyo ndogo ndiyo inayopokea nguvu zote za mguu. Ikilika, mkono hucheza. Mara nyingi, basi, kinachotakiwa ni kotapini mpya tu, ambayo bei yake haikaribii ya seti.

Hata kotapini ina vipimo. Zilizo nyingi zina unene wa milimita 9.5, lakini zipo za 9 na 8.5. Nyembamba ikiwekwa kwenye tundu kubwa italegea tena baada ya muda mfupi, hivyo ni vyema kwenda dukani na ile ya zamani mkononi.

Namna ya kuifunga nayo ina mambo yake. Kabla ya kugonga, fundi mwangalifu huegemeza mkono wa pedeli juu ya kipande cha bomba kilichosimama chini, maana nyundo ikipigwa hewani, kishindo huishia kwenye gololi na kuchimba vikombe vyake. Pini mbili huingizwa kwa pande zinazopingana. Zikielekea upande mmoja, mikono haitakaa kwenye mstari mmoja. Aidha, nati haikuwekwa ili kuvuta pini. Pini hugongwa hadi ikae, ndipo nati huizuia isitoke.

Ikiwa tundu la mkono limepanuka, ekseli imelika, au meno ya sproketi yamepinda kama ndoana, hapo kubadili seti kuna maana. Wengine hutumia nafasi hiyo kuhamia mikono inayoingia kwenye ekseli ya ncha za mraba na kukazwa kwa bolti. Hailegei ovyo, na hupatikana kwenye baiskeli za mitumba. Lakini ekseli lazima ibadilishwe nayo, na mara nyingi vikombe pia.

Cha kupima kwanza ni fremu, pale ekseli inapopita. Bomba la baiskeli nyingi lina upana wa milimita 68, na hesi zake, ile mistari ya kufungia vikombe, ni 24 kwa kila inchi. Raleigh nyingi za zamani zilizotengenezwa Nottingham zina mistari 26, na bomba lake ni pana zaidi. Kikombe cha mistari 24 kikilazimishwa humo, hesi za fremu huchanika, na hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya seti yoyote. Ikumbukwe pia kuwa kikombe cha upande wa cheni hufunguliwa kwa kuzungusha kufuata saa. Wengi wameharibu fremu kwa kukivuta kinyume.

Ncha za mraba nazo hazifanani zote, kwani kipimo cha Kijapani na kile cha Ulaya hutofautiana kidogo. Usalama ni kununua ekseli na mikono yake pamoja. Urefu wa ekseli uwe ule unaoiweka sproketi ya mbele sawa na ya nyuma, la sivyo cheni itakwenda upande na kula meno. Sproketi za baiskeli za gia ni nyembamba: cheni pana ya baiskeli ya mizigo hukaa juu yake, lakini cheni nyembamba ya gia haiingii kwenye sproketi nene.

Wapo pia wanaobadili seti wakitafuta wepesi, nao huchagua sproketi kubwa ya mbele. Hiyo huongeza mwendo, lakini kilimani huongeza uzito. Kwa gurudumu la inchi 28, meno 44 mbele na 18 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli husogeza baiskeli kama mita 5.4. Ukiweka 48 mbele, ni karibu mita 5.9, na mguu ndio unaolipa. Ukiiacha 44 na kufunga friwili ya meno 22 nyuma, ni mita 4.4, na nguvu ya kukanyaga hupungua karibu moja ya tano. Kwa mwenye gunia na kilima, friwili ndiyo ya kununua. Kazi yake ni ndogo, ila cheni huenda ikahitaji kuongezwa inchi moja.

Seti mpya ikishafungwa, izungushwe na mzigo siku moja, kisha nati au bolti zikazwe tena. Mkono wa mraba ukiendeshwa umelegea, tundu lake la alumini hupanuka, na hapo hakuna pini ya kubadili.