Fahamu: Kwa nini kura ya Walatino Marekani haina mwenyewe

Nguvu ya wapiga kura wa Kilatino Marekani haitokani na wingi wao tu, bali na ukweli kwamba hakuna chama kilichowatia mfukoni. Kaunti ya Starr, Texas, mpakani na Mexico, karibu wakazi wote ni Walatino. Mwaka 2016 ilimpa Hillary Clinton asilimia 79. Mwaka 2024 ikamchagua Donald Trump, baada ya zaidi ya karne moja ya kuwaunga mkono Wademokrati.

Wapo wanaosema nguvu hiyo imekuzwa: wengi wanaishi California na Texas, ambako mshindi wa urais hujulikana mapema, tena hujitokeza wachache kuliko wazungu. Ni kweli. Lakini Arizona, ambako takriban robo ya wenye haki ya kupiga kura ni Walatino, Joe Biden alishinda mwaka 2020 kwa kura zisizofika 11,000. Waliobaki nyumbani walitosha kupindua matokeo.