Namba Kubwa Si Lazima Iwe Ugonjwa: Namna ya Kuelewa Majibu ya Vipimo vya Tezi ya Shingo na Vitamini

Mkazi wa Nandagala, wilayani Ruangwa, anayefanyiwa vipimo vya damu vya tezi ya shingo au vitamini hukabidhiwa karatasi yenye namba, herufi na alama ya "juu" au "chini". Alama hiyo peke yake haitoshi kumthibitishia kuwa anaumwa. Akiitafsiri bila mtaalamu, anaweza kutumia dawa asiyoihitaji au kuacha anayoihitaji.

Tezi ya shingo, iitwayo kitaalamu thairoidi, hutengeneza homoni zinazoratibu mapigo ya moyo, joto la mwili na ukuaji wa ubongo wa mtoto. Kipimo kinachotangulia ni TSH, ambayo ni homoni itokayo kwenye ubongo kuiamuru tezi ifanye kazi. Hapa ndipo wengi hukosea. Tezi inapozembea, ubongo huongeza amri. Hivyo TSH kubwa kwa kawaida humaanisha tezi inafanya kazi pungufu, na TSH ndogo humaanisha imezidisha. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida kati ya takriban 0.4 na 4.0 kwa mtu mzima, lakini kila maabara huchapisha kiwango chake, na kwa mjamzito viwango hutofautiana. TSH ikitoka nje ya kiwango, daktari huangalia pia homoni ya T4, na mara nyingi huagiza kipimo kirudiwe baada ya wiki kadhaa.

Kwa vitamini, jambo la kwanza ni kipimio kilichotumika. Vitamini D ya nanogramu 20 kwa mililita ni sawa na nanomoli 50 kwa lita. Anayelinganisha karatasi za maabara mbili anaweza kudhani afya yake imebadilika ilhali ni kipimio tu. Vitamini B12 hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Upungufu wake huleta ganzi miguuni na upungufu wa damu, na huweza kuwapata pia wagonjwa wa kisukari wanaotumia metformini kwa muda mrefu. Vidonge vya bayotini, vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, huweza kupotosha majibu ya tezi. Mpimwaji anapaswa kumweleza mtaalamu dawa zote anazotumia kabla ya kutolewa damu.

Kwa mjamzito suala hili ni zito zaidi, kwa kuwa upungufu wa homoni za tezi usiotibiwa huweza kudumaza ubongo wa mtoto aliye tumboni. Chanzo kimojawapo cha upungufu huo ni ukosefu wa madini joto. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku na mjamzito 250. Tangu miaka ya 1990, kanuni nchini zinataka chumvi ya kula iongezwe madini hayo. Hata hivyo, chumvi ghafi inayovunwa mwambao wa Lindi na Kilwa ikifika sokoni kabla ya kuongezwa madini joto, haimkingi mlaji. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri nao huzidisha athari pale madini joto yanapokuwa haba.

Si kila kinga husubiri kipimo. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka bila kupimwa damu, na ni wajibu wa mzazi kuwapeleka.

Wananchi wanashauriwa kununua chumvi iliyoandikwa kuwa na madini joto, kuihifadhi katika chombo chenye mfuniko na kuitia chakula kinapokaribia kuiva. Aliyepata majibu yasiyo ya kawaida ayarudishe kwa mtaalamu aliyemwandikia kipimo, pamoja na karatasi za awali. Anayetumia dawa ya tezi asiiache wala asiongeze dozi kwa kuona namba pekee, kwa kuwa dozi iliyozidi huathiri moyo na mifupa.