Punda Asiye na Moyo Wala Masikio

Wasafiri wanaoshuka Kikopey, kwenye barabara kuu kati ya Gilgil na Nakuru, hufuata nyama ya mbuzi. Nyama hukatwakatwa juu ya ubao, pilipili ikawekwa kando. Anayetaka chai huletewa na sukari. Majina hayo mawili, pilipili na sukari, asili yake ni Kisanskriti, lugha kongwe ya India ambayo wengi huidhania ya makuhani peke yao.

Sukari ilianza kama sharkara, yaani changarawe, kwa ajili ya chembechembe zake. Pilipili ni pippali, na jina hilo lilikuwa la pilipili ndefu ya India. Ile kali inayowasha midomo Kikopey ilitoka Amerika baadaye sana, ikarithi jina la mwenzake. Maneno yote mawili yalipitia Uajemi na Uarabuni kabla ya kuzoeleka kwetu. Hata laki, kwa maana ya 100,000, ni laksha ya Kisanskriti.

Katika sensa ya India ya mwaka 2011, watu 24,821 tu walikitaja Kisanskriti kuwa lugha yao ya mama. Hata hivyo misemo yake ina harufu ya shamba na karakana. Kunguru akitua juu ya mvumo na tunda likaanguka papo hapo, mtu atadhani kunguru ndiye aliyeliangusha. Kwa hiyo mambo mawili yakikutana kwa bahati tu huitwa ya kunguru na mvumo. Asiyewahi kutoka kwao huitwa chura wa kisimani, kwa kuwa chura huyo huamini kisima ndicho dunia nzima. Swami Vivekananda alisimulia habari za chura huyo mjini Chicago mwaka 1893, akieleza kwa nini watu wa dini mbalimbali hawaelewani.

Upo pia msemo wa sindano na sufuria. Mhunzi akiagizwa vyote viwili, huanza na sindano, kazi iliyo nyepesi, ndipo ashike sufuria. Mchomaji wa Kikopey aliyeagizwa robo kilo na meza moja, na mbuzi mzima na meza nyingine, angeuelewa bila mkalimani. Wanazuoni wa Kisanskriti waliutumia msemo huohuo kupanga hoja zao: swali jepesi lijibiwe kwanza.

Lakini kilichosafiri mbali kuliko vyote ni kisa. Panchatantra, kitabu cha hadithi cha Kisanskriti, kilifasiriwa Kiajemi katika karne ya 6, kisha Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu katika karne ya 8, kwa jina la Kalila na Dimna. Edward Steere alipochapisha hadithi alizozikusanya Unguja, mwaka 1870, ndani yake mlikuwa na kisa cha punda wa dobi. Punda anaponea chupuchupu kwa simba, anabembelezwa na sungura, anarudi na kuuawa. Simba anataka moyo na masikio. Kumbe sungura ameshavila. Akiulizwa, anajibu kwamba punda huyu hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi. Katika Panchatantra jibu ni lilelile, ila mlaji ni mbweha. Hata neno dobi lilitoka India.