Iulize Obijekti Ina Nini

Sehemu kubwa ya kazi yangu ya kufundisha JavaScript ni kuwazuia wanafunzi wasibahatishe. Bei haitokei kwenye ukurasa, na mtu anaanza kubadilisha mstari huu na ule akitumaini mmojawapo utakubali. Huwaambia waache kibodi kwanza. Iulize obijekti yenyewe ina nini.

JavaScript ndiyo lugha inayofanya kazi ndani ya kivinjari kila unapobonyeza kitufe na ukurasa ukaitika. Brendan Eich aliitunga mwaka 1995 akiwa katika kampuni ya Netscape, na toleo la kwanza alilimaliza kwa siku kama 10. Ndani yake, taarifa zinazokwenda pamoja hufungwa kwenye obijekti moja, kila taarifa ikiwa na jina na thamani yake. Hizo ndizo sifa. Agizo la dukani, kwa mfano, lina sifa ya mteja, simu, bidhaa na jumla.

Juzi binti mmoja darasani aliniletea ukurasa wa duka la vitenge. Majina ya wateja yanatoka, bidhaa zinatoka, ila mahali pa jumla pameandikwa undefined, jibu ambalo JavaScript hutoa ikiulizwa sifa isiyokuwepo. “Mwalimu, mbona ipo! Tazama mwenyewe,” akasema, akinionyesha jedwali alikozitoa taarifa. Kweli, safu ya mwisho imeandikwa jumla, na chini yake 45000. Nikamwambia aongeze mstari mmoja tu, console.log(Object.keys(agizo)), kisha abonyeze F12 na kufungua konsoli, sehemu ya kivinjari ambako msimbo huchapisha majibu yake. Amri ile huorodhesha majina ya sifa, kila jina ndani ya alama zake za nukuu. Yakatokea: 'mteja', 'simu', 'bidhaa', 'jumla '. Akasoma, akaona yako sawa. Nikamwomba aitazame alama inayofunga neno la mwisho. Kati yake na herufi a palikuwa na nafasi. Aliyetengeneza jedwali aligusa kitufe cha nafasi baada ya kuandika neno, na kwa JavaScript jumla yenye nafasi na jumla isiyo nayo ni sifa mbili tofauti kabisa. Binti alikwishaandika upya hesabu yake yote, na hesabu haikuwa na kosa lolote.

Waliotutangulia hawakuwa na wepesi huu. Wengi walitegemea alert, kile kisanduku kinachoruka katikati ya skrini, nacho ukikipa obijekti hujibu [object Object] na kunyamaza. Mwaka 2006 Joe Hewitt alitoa Firebug, nyongeza ya kivinjari cha Firefox iliyowawezesha watu kufungua ukurasa unaoendelea kufanya kazi na kuona yaliyomo. Leo vivinjari vikubwa vya kompyuta vinakuja na zana za namna hiyo, bure kabisa, na bado nakutana na watu wanaolipwa kwa kazi hii ambao hawajawahi kuzifungua. Hilo linaniuma.

Ila kuuliza nako kuna namna zake. Andika agizo.toString() nayo itaitika, ingawa Object.keys haikuitaja toString popote. Imetoka wapi? Imerithiwa. Karibu kila obijekti ina mzazi, anayeitwa prototaipu, na JavaScript ikikosa sifa kwa mtoto hupanda kwa mzazi, kisha kwa babu, mpaka ukoo uishe. Ukiuliza kwa neno in, unauliza ukoo mzima. Ukitumia Object.hasOwn, iliyoingia rasmi katika lugha mwaka 2022, unauliza obijekti hiyo peke yake. Mimi hufundisha hii ya pili kwanza, maana mara nyingi ndilo swali ambalo mtu alikusudia kuuliza.

Konsoli nayo ina tabia ya kuangaliwa. Ukiichapisha obijekti kisha ukabonyeza kale ka pembetatu ili kuifungua, unachoonyeshwa ni hali yake wakati unapofungua. Msimbo ukiwa umeibadilisha katikati, utaapa kwamba thamani ilikuwepo tangu mwanzo. Dawa ni kuchapisha nakala kwa structuredClone. Wengi hutumia JSON.stringify, lakini hiyo huziacha nje sifa zenye thamani ya undefined na zile zenye funksheni, bila kukuambia.

Jambo ambalo ningependa hata msomaji asiyeandika programu alijue ni hili: chochote ambacho seva imekituma kwenye kivinjari, mwenye kivinjari anaweza kukisoma. Nimewahi kufungua ukurasa wa matangazo ya nyumba za kupanga ambao ulionyesha picha, mtaa na kodi tu. Nyuma ya kila tangazo, obijekti ilibeba pia namba ya simu ya mwenye nyumba na namba yake ya kitambulisho. Mtengenezaji hakuzionyesha kwenye skrini, akaamini amezificha. Hata angetumia Object.defineProperty kuzitoa kwenye orodha ya Object.keys, Object.getOwnPropertyNames ingezitaja. Sifa ya namna hiyo huondolewa kwenye seva, kabla jibu halijatumwa. Ndiyo maana wanafunzi wangu, kabla ya kukabidhi kazi ya mteja, hukaa kwenye konsoli na kusoma kila obijekti inayoingia, jina kwa jina, na kila sifa ambayo ukurasa hauihitaji hurudi kuikata kule ilikotoka.