Jaketi Jipya la Ngozi

Vijana wetu wa bodaboda wa Nanganga, kwenye njia panda iendayo Ruangwa, hulihitaji jaketi la ngozi kwa upepo wa alfajiri na kwa siku ya kuanguka, Mola atuepushie. Lakini likiwa jipya huwa gumu, na kiwiko kisichokunjika vizuri ni hatari kwenye usukani. Tunashauri livaliwe kwanza nyumbani, jioni kadhaa, mikono ikikunjwa na kunyooshwa, hata kama watoto watacheka. Kuliloweka na kulianika juani ni kulipasua. Na kabla ya kulipa, tazameni ngozi na bitana yake: vitundu vya vinyweleo vilivyokaa vitatu vitatu ni alama ya nguruwe, ambaye kwa madhehebu ya Shafii ngozi yake haitohariki hata ikidibaghiwa. Jaketi hilo haliswaliwi.