Mizani ya Wengine: Mohoro na Umaskini wa Nchi

Aghalabu mtu asikiapo habari za umaskini wa nchi zinazoendelea, humjia akilini ardhi iliyopasuka kwa kiu, mito mikavu na mifugo iliyobaki mifupa. Ndiyo maana mgeni anayeshuka kutoka Kibiti, akapita Ikwiriri, akavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, kisha akaelekea upande wa bahari mpaka Mohoro, hushindwa kuoanisha alichokisikia na anachokiona. Hapa maji yapo, tena wakati mwingine yamezidi. Udongo ni mweusi, umeletwa na mto miaka mingi na kulazwa bondeni tabaka juu ya tabaka. Mbele kidogo msitu wa mikoko unaanza, na nyuma ya mikoko iko bahari yenye samaki na kamba. Walakini katikati ya neema hiyo wanaishi watu ambao dhiki imewazoea, wanaovuna mpunga mwezi wa Juni na kununua unga kwa mkopo kabla mwaka haujaisha. Wapo wanaolijibu fumbo hili kwa neno moja tu, uvivu, wakaridhika. Mimi siridhiki nalo hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu kutoka eneo la takriban kilomita za mraba 177,000, yaani karibu sehemu moja katika tano za Tanzania Bara, ukayamwaga baharini kwa midomo mingi inayokikabili Kisiwa cha Mafia. Katika karne ya 19, mikarafuu ya Unguja na Pemba ilipokuwa imemeza ardhi na nguvu za watumwa wa visiwa vile, chakula kililazimika kutoka bara, na mchele wa Rufiji ukawa unapakiwa majahazini kwa wingi hata bonde likapewa jina la Kalkata Ndogo. Boriti za mikoko nazo zilisafiri na pepo za msimu hadi Oman na Ghuba ya Uajemi, zikaezeka nyumba za watu ambao hawakupata kuiona Rufiji. Basi hili ni bonde lililokuwa likilisha wengine, nalo hugeuka siku hizi, mwaka ukiwa mbaya, kuwa bonde la kungojea msaada wa mahindi. Na mabadiliko ya namna hiyo hayaletwi na tabia ya watu, maana tabia za jamii nzima haziharibiki zote kwa pamoja.

Atakaye kuipima bidii ya Mrufiji na autazame mwaka wake wa kazi. Mpunga hupandwa kabla ya masika kushika, ili mche uwe umesimama mto utakapofurika. Maji yakija mapema mno, mche huzama, yakichelewa, hukauka, na yakija kwa kishindo huondoka na shamba zima. Maji yakishapungua, mkulima hakai kupumzika, bali huingia kwenye tope bichi lililoachwa nyuma na kupanda mahindi, kunde na maboga yatakayokua kwa unyevu wa ardhi bila tone la mvua. Kilimo hicho cha pili ndicho kiitwacho mlau, nacho kimewaokoa watu wa bonde katika miaka mingi ambayo zao la masika lilipotea. Na muda wote huo familia huishi shambani katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, ambamo watu hupika na kulala juu, maji yakipita chini yao, huku mchana wakipiga kelele na kurusha mawe kufukuza ndege, na usiku wakikesha kwa ajili ya nguruwe na viboko. Mama mwenye mtoto mchanga hupanda na kushuka ngazi ya dungu mara nyingi kwa siku, miezi kadhaa mfululizo. Mtu aliyeyaona hayo kisha akatamka neno uvivu, hana budi kuulizwa amepata wapi maana yake.

Tatizo liko kwingine, nalo ni la kale. Serikali ya Wajerumani ilipoweka kituo chake cha utawala Mohoro, ililitazama bonde hili kwa jicho la mfanyabiashara wa pamba. Mnamo mwaka 1902 Gavana von Götzen alianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika sehemu za pwani na kusini, ambako watu walilazimishwa kuacha mashamba yao ya chakula ili wahudumie zao ambalo bei yake hawakuijua na malipo yake hayakuwa na uwiano wowote na jasho lao. Mwezi Julai 1905, katika milima ya Matumbi, kusini ya hapa, watu waliing'oa pamba, na kwa kitendo hicho wakavianza Vita vya Majimaji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewaunganisha kwa dawa yake ya maji, alikamatwa akaletwa Mohoro, na tarehe 4 Agosti 1905 akanyongwa hapa hapa. Vita na njaa iliyofuata, njaa ambayo watawala waliitumia kama silaha kwa kuchoma maghala na mashamba, viliua watu ambao Wajerumani wenyewe waliwakadiria kuwa 75,000, na wanahistoria wengi wanaamini idadi hiyo ni ndogo mno kuliko ukweli. Wanaopita Mohoro leo wanapaswa kukumbuka kwamba mji huu mdogo uliwahi kuwa mahali pa kuuliza, kwa gharama ya roho za watu, nani ana haki ya kuamua mkulima apande nini na apate nini.

Swali hilo halikufa pamoja na Wajerumani. Katika maeneo ya korosho na ufuta ya Pwani na Kusini ipo biashara iitwayo kangomba, ambamo mchuuzi humpa mkulima fedha wakati wa njaa, naye mkulima, kwa kuwa hana pa kushika, hukubali kuyatoa mazao ya msimu ujao kwa bei ambayo angeikataa laiti ghala lake lingekuwa na akiba. Ipo na lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likashonewa kilemba juu yake, likahesabiwa kuwa gunia moja ilhali limebeba moja na ziada, ingawa sheria ya vipimo inakataza. Serikali imejaribu dawa kadhaa, ukiwamo mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza katika korosho mwaka 2007, ambao umewafikisha wakulima kwenye mnada lakini haukumwondolea mwenye njaa ya Februari ulazima wa kuuza mapema. Mkulima wa namna hii haweki bei ya anachouza, wala haweki bei ya anachonunua; sabuni, mafuta ya taa, jembe na dawa ya hospitali humjia kwa bei iliyokwisha kukatwa na wengine.

Na nchi nzima inaweza kusimama katika nafasi ile ile ya mkulima wa kangomba. Mwanauchumi wa Argentina, Raúl Prebisch, alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1940 kwamba nchi ziuzazo malighafi huelekea, kadiri miaka ipitavyo, kutoa mazao mengi zaidi ili kupata mashine zile zile. Tanzania iliyajua hayo kwa mwili wake. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena 1979. Faida ya kahawa ya miaka ya 1976 na 1977 ikapita haraka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vikala fedha za kigeni zilizosalia. Zambia iliyotegemea mauzo ya shaba ilianguka vivyo hivyo baada ya bei kuporomoka mwaka 1975, kwa hiyo anguko hilo halikuwa kosa la siasa ya Ujamaa peke yake, ijapokuwa makosa ya ndani yalikuwapo na si madogo. Korosho, kwa mfano, zilifikia kiasi cha tani 145,000 msimu wa 1973/74, zikashuka mpaka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, kwa kuwa wakulima walihamishwa mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni na ugonjwa wa ubwiri unga ulienea. Viwanda vya kubangulia vilivyojengwa kwa mikopo vikakosa cha kubangua, na deni lake likabaki.

Mwaka 1986 serikali ya Rais Mwinyi ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa baada ya miaka ya mabishano. Dola iliyonunuliwa kwa takriban shilingi 17 mwaka 1985 ilikaribia shilingi 200 ilipofika 1990. Maduka yalipata bidhaa tena, hilo ni kweli na watu walilishukuru. Lakini ada zikaja shuleni na hospitalini, na aliyezilipa kwa uchungu zaidi ni yule yule asiyeweka bei ya mpunga wake. Afueni ya madeni ilipotolewa mwaka 2001, na ada ya shule za msingi ikafutwa wakati uo huo, watoto walifurika madarasani: dalili dhahiri kwamba wazazi hawakuwa wameikataa elimu.

Mohoro imelipa pia gharama ya maamuzi yaliyofanywa mbali nayo kwa nia njema. Baada ya mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1960 wakazi wa bonde walihamishiwa kwenye vijiji vya nchi ya juu, ambako mto haukuwafikia, lakini wala shamba la mlau halikuwafikia. Wengi walirudi bondeni kulima, wakitembea mwendo mrefu huku wanyama wakiyala mazao yasiyokuwa na mlinzi. Mwaka 1997 serikali iliridhia mpango wa kampuni ya African Fishing Company wa kufuga kamba katika eneo kubwa la delta, ingawa baraza la mazingira la taifa lilishauri kinyume. Baadhi ya wakazi wakaenda mahakamani, na mradi haukutekelezwa. Nawaheshimu sana wale walioshtaki, maana si jambo jepesi kwa mvuvi kusimama mbele ya hakimu akiitetea mikoko.

Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere katika mto huu huu, lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022 na kuwasha mtambo wake wa kwanza Februari 2024. Mwezi Aprili mwaka huo mafuriko makubwa yalilifunika bonde, na Mohoro ikawa miongoni mwa sehemu zilizopigwa vibaya. Nyumba zilizama, mashamba yakapotea, na wakazi wakahimizwa tena kuhamia juu. Wengi walililaumu bwawa, na shirika la umeme, TANESCO, likajibu kwamba bila bwawa maji yangekuwa mengi zaidi. Sina haja ya kuamua ugomvi huo hapa. Linalonihusu ni kwamba bwawa linazuia tope, na tope ndilo mbolea ya mlau. Tena linabadili majira ya mafuriko, na majira ndiyo elimu yote ya mkulima wa hapa, aliyorithi kwa babu zake.

Nchi inauhitaji umeme ule, na atakayesema vinginevyo hajakaa gizani. Lakini katika hesabu ya taifa, mahali ambapo megawati zimeandikwa kama faida, iandikwe na safu nyingine ya hasara za bonde, na hasara hizo zilipwe. Umeme ufike kwenye mashine ya kukoboa mpunga Mohoro, ili mchele uondoke hapa ukiwa mchele, si mpunga wa bei ya mashambani. Ghala la kijiji liwe na akiba ya kumwezesha mkulima kumkatalia mchuuzi mwezi Februari. Na kabla ya hayo yote lipo jambo lisilohitaji mkopo kutoka nchi yoyote: kila msimu, kwa redio, kwa simu na kwa mbiu ya kijiji, mwenye dungu aarifiwe mapema ni siku gani milango ya bwawa itafunguliwa na maji kiasi gani yatashuka.